Odhiambo wa Jicho la Kushoto

Haya, punguzeni kelele. Si ni nyinyi wenyewe mliniuliza? Juzi mliniita pale ukumbini Sarang'ombe, mkanikalisha kwenye kiti cha plastiki, mkanifunga yale madude yenu machoni, na nilipoona shimo miguuni nikapiga nduru, mkacheka mpaka mmoja wenu akaanguka chini. "Shosh, tulia, hiyo ni uongo tu!" Bibi yenu atulie, ati uongo tu. Uongo huo mimi nimeufanyia kazi hapa hapa Kibera kabla mama zenu hawajaolewa, na hata siku moja sikumcheka mtu aliyeshika hewa akidhani ni ukuta. Mzee Shiundu angenizaba kofi.

Mwalimu wenu anasema kazi hiyo inaitwa uhalisia pepe. Jina zuri. Sisi tuliita sanduku. Mimi ni Rosebella, lakini miaka hiyo ya tisini, kutoka Mashimoni mpaka Olympic, ukiuliza Rosebella hakuna mtu angekujibu. Ukiuliza Roze Sanduku, hata mlevi angekuleta mpaka mlangoni. Mnataka niwaeleze tulivyokuwa tukifanya ili mjifunze. Nitawaeleza, lakini msitarajie niwatie moyo, maana wangu mwenyewe uliisha. Kazi hiyo ilinilisha, ikanifunza, halafu ikanionyesha kitu ambacho mpaka leo sijui nikiweke wapi.

Sanduku lenyewe halipo tena, msinisumbue kuuliza. Mbao zilioza, lenzi nilizitoa zikawa miwani ya watu, na kile kibanda kilivunjwa barabara ilipopita. Nimebaki na picha moja tu. Hiyo nitaifikia.

Aliyenifunza ni Mzee Shiundu, fundi wa miwani kule Kawangware, mtu wa kwetu Magharibi, mwenye mdomo mchafu na mikono safi. Nilienda kwake kutafuta kazi ya kufagia. Akanipa sindano na uzi, akasema, "Fumba jicho moja, tunga." Nikafumba, nikatunga hewa. Nikatunga tena hewa. Yeye anacheka tu. "Sasa fumbua." Uzi ukaingia mara moja. "Basi umemaliza shule, msichana," akasema. "Jicho moja linaona kitu. Macho mawili yanaona mahali. Hayo mengine ni useremala."

Nyinyi leo kompyuta inawafanyia hiyo hesabu ya macho. Sisi tulikuwa na kamera moja, mkanda wake kamba ya kiatu. Unapiga picha ya kwanza, ya jicho la kushoto. Halafu unasogeza kamera upande wa kulia, vidole vinne, kile kipimo kati ya mboni na mboni, unapiga ya pili. Vidole vinne tu! Mimi kwa ujuaji wangu siku moja nilisogeza hatua nzima nikitaka mambo yawe makubwa. Wateja walitoka wameshika vichwa, na mama mmoja wa kwaya akatapikia sare yake mbele ya kanisa. Mzee Shiundu hakunisemesha siku hiyo yote.

Ndani ya sanduku tulipaka masizi na gundi, giza totoro, kisha ukuta mwembamba katikati ili kila jicho lishughulike na mambo yake. Mbele ni lenzi mbili za miwani mizito ya kusomea, nyuma ni zile picha mbili, juu ni mfuniko wa kuingiza jua. Ya kushoto ikae kushoto, ya kulia kulia. Ukizibadilisha, cha mbali kinakuja mbele na cha karibu kinarudi nyuma. Nilizibadilisha bila kujua, mchungaji mmoja akaona mlima umekaa mbele ya nyumba ya mamake. Alitoka akinikemea mimi badala ya shetani, na hakurudi tena.

Tena sikilizeni hii, kwa sababu juzi niliona mnakosea. Mlinionyesha mlima peke yake. Mlima peke yake ni kalenda. Weka jani la mgomba karibu na pua ya mtu, halafu nyumba, halafu mlima. Atainamisha kichwa apite chini ya jani. Nimeona wanaume wazima wa mjengo wakiinama hivyo, na hapo ndipo unajua wameingia.

Na usisahau miguu. Mzee alikuwa na karai la udongo mweusi wenye nyasi. Mteja anavua viatu, anasimama humo, tunamfunika kichwa na blanketi jeusi. Kando nimeshika redio kaseti yenye sauti ya jogoo na watoto wakiitana mtoni. Betri tulizianika juu ya mabati zipate nguvu kidogo, lakini zikichoka, jogoo anawika kama ng'ombe dume. Watu walivumilia. Mtu aliyekosa nauli ya kwenda nyumbani Krismasi mbili tatu anavumilia jogoo wa sauti yoyote.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa biashara yetu. Mzee alienda Magharibi na kando ya ziwa, mara nyingine na mimi, akarudi na maboma ya watu kwenye filamu, sisi tunasafisha kwenye chumba chake cha giza Kawangware, na Jumapili tunasukuma mkokoteni mpaka Mashimoni watu wakitoka kanisani. Mwanzoni nilidhani tunawapa raha. Halafu kulikuwa na fundi mmoja wa mawe, jitu lenye mikono kama koleo. Nilimvua blanketi ghafla kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Akaona mtaro wa maji machafu, akaona mabati, akaona watu wamemtolea macho. Akaketi palepale matopeni akalia. Mzee Shiundu alinisukuma kando. Akamshika yule mtu bega, akamwambia polepole, "Uko Mashimoni. Leo ni Jumapili. Mimi nimekushika." Akarudia mpaka jamaa akaitikia kwa kichwa.

"Muingize mtu haraka ukitaka," akaniambia baadaye, "lakini kumtoa, mtoe polepole." Nyinyi juzi mlinivua ile kitu kama mnamvua mtu kofia. Hamjafunzwa. Na niwaambie ukweli, hata ukimtoa polepole namna gani, hakuna aliyewahi kutoka sandukuni akakuta mtaa umekuwa mzuri.

Sasa kuna jambo moja la ufundi lazima mlishike, la sivyo hamtaelewa ya mbele. Kamera ilikuwa moja, na picha mbili haziwezi kupigwa kwa wakati mmoja. Nyumba inakungoja, mlima unakungoja. Kuku hakungoji. Kulikuwa na boma moja ambapo kuku alisimama mlangoni kwenye picha ya kushoto, na nilipokuwa nikisogeza vidole vyangu vinne, akaenda zake. Kwa hivyo jicho la kushoto linamwona, la kulia halimwoni, na kichwa chako hakijui kiamini lipi. Ukiangalia ndani ya sanduku, kuku anatetemeka. Yuko, hayuko, yuko, na mlango unaonekana kupitia mwilini mwake. Watoto wa Mashimoni walimwita kuku mzimu na wakapigana kwenye foleni ili wamwone. Mzee Shiundu alitaka kuitupa hiyo picha. Mimi nikamwambia aiache, ndiyo inaleta watu.

Picha ya Mashimoni yenyewe ilikuwa wazo langu. Mzee alinicheka mpaka akakohoa. "Nani atavua viatu aone matope anayokanyaga bure?" Lakini nilipiga pale kwenye kioski cha maji, mitungi imepangwa karibu, foleni nyuma, mabati mpaka mbali, na watu walikuja wengi kuliko wakati wote. "Ona kamba yangu ya nguo!" "Ule mtungi wa njano ni wetu, aki!" Ilionekana kama mtu hajui yuko mahali mpaka aonyeshwe. Na katika picha ya kushoto, kijana mmoja alikuwa akipita na mtungi begani. Ya kulia, ameshapita. Sikumjali. Alikuwa mzimu kama kuku.

Jina lake lilikuwa Odhiambo. Alifanya kibarua cha mjengo, alikuwa kijana wa kuimba njiani. Ile mvua kubwa iliponyesha, mto ukapanda mpaka kwenye milango, na watu walisema walimwona kwenye daraja la mbao, halafu wakaona mbao haipo. Wakatafuta chini ya mto mpaka mvua ikaisha. Walipata viatu vya watu wengi, lakini yeye hawakumpata.

Nyinyi mnafikiri kuweka kitu mahali pa mtu asiyekuwepo kulianzia kwenye kompyuta? Kwa Wajaluo, mtu akipotea majini mwili usipatikane, wanachukua yago, lile tunda refu zito linaloning'inia kwenye mti wake, wanalivisha, wanalilaza, wanalililia, wanalizika nyumbani kama ni mtu. Sisi Waluhya tunazika mgomba. Na watu wanalia kweli, si maigizo. Ukishazikwa hivyo umepumzika, na walio hai wanapata kuendelea.

Ndiyo sababu mamake alitoka nyumbani akaja Nairobi, yeye na shemeji yake anaitwa Okoth. Walikuja kuchukua nguo za Odhiambo za kuvisha yago. Na hata Okoth hakuwa mtu mbaya, tafadhali. Mdogo wake Odhiambo alikuwa na mke na mtoto na hana nyumba, kwa sababu huwezi kujenga ukimpita mkubwa wako ambaye hajulikani yuko hai au amekufa. Boma zima lilikuwa limekwama.

Jumapili hiyo majirani, kwa wema wao wa kijinga, wakamwambia yule mama, "Mama Odhiambo, si mtoto wako yuko kwa sanduku la Roze?" Wakamleta. Alikuwa mwembamba, ana kitambaa cha kanisa kichwani, viatu ameshavua kabla sijamwambia. Nikamfunika. Alikaa humo muda mrefu sana, mpaka nikagusa bega lake.

"Nyathina," akaniita kwa Kijaluo, yaani mtoto wangu, kutoka ndani ya blanketi. "Mbona anatetemeka?"

Nikasogea karibu na blanketi.

"Ana baridi," akasema. "Ametoka kwa maji, ana baridi. Okoth! Kuja uone. Mtoto ana baridi na nyinyi mnataka kumzika!"

Kuanzia siku hiyo hakukuwa na safari ya kurudi nyumbani. Alilala kwa chumba cha mtoto wake, na kila tulipofungua sanduku yuko hapo mbele. Mzee Shiundu aliacha kupeleka mkokoteni Jumapili tu, akawa anaupeleka hata katikati ya wiki ili mama aone, akisingizia biashara. Siku moja mama alikuja na sweta, ya rangi ya maruni, akalivika sanduku. Akafunga vifungo vizuri, akaacha matundu mawili ya macho. Hakuna aliyemwambia atoe, na siku hiyo watu waliangalia kupitia kwa sweta.

Okoth akanivuta kando akiwa amekasirika. "Dada, wewe ndiye mwenye hii kitu. Mwambie ukweli. Mimi nimechoka, ananiita muuaji."

Nikamwambia ukweli. Nilimwita mama, nikaweka picha ya kuku, nikamweleza kamera, vidole vinne, picha mbili, kuku ameenda zake. Nilieleza vizuri kuliko ninavyowaeleza nyinyi. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho makavu.

"Huyo kuku," akauliza, "alikuwa amekufa?"

"Hapana, mama. Alikuwa hai. Alitembea tu."

"Basi," akasema. "Na huyu ametembea tu."

Jameni, ungemjibu nini? Mimi nilikaa chini. Okoth aligeuka akaenda kusimama kwenye kona ya kioski, akajifuta macho kwa kofia.

Kesho yake mama hakutaka kubishana tena. Alikuja mapema, akanishika mkono. "Sitaki maneno ya kamera. Nakuomba kitu kimoja tu. Mfanye aache kutetemeka. Nikimwona ametulia, nitajua amepata moto mahali. Unaweza?"

Naweza. Huo ndio ufundi, na ni rahisi mno. Jicho la kushoto linamwona, la kulia halimwoni, ndiyo maana anatetemeka. Ukitaka atulie, unasafisha ile picha ya kushoto mara mbili, unaweka moja kushoto na moja kulia. Macho yote mawili yanaona kitu kimoja, yanakubaliana, na mtu anasimama. Lakini kuna bei yake, na Mzee Shiundu aliniambia nikiwa nimeshika karatasi kwenye dawa, kwenye chumba cha giza. "Roze, macho mawili yakiona kitu kimoja, mahali panaisha. Kila kitu kitalala kwenye karatasi."

"Ameomba, mzee."

"Ndiyo, ameomba," akasema. Alichukua picha mwenyewe kutoka mkononi mwangu, akaianika.

Tuliiweka Jumapili. Mama alivua viatu, akasimama kwenye karai. Alivaa vizuri siku hiyo, kitambaa cheupe, kama mtu anayeenda kumtembelea mtu. Nilikuwa nimeshika redio lakini sikuiwasha. Okoth alikuwa upande wangu, kofia mkononi. Nikamfunika.

Kichwa kikainama kwenye lenzi. Kisha nikaona mkono wake unatoka chini ya blanketi, unapapasa mbele ya sanduku, kama mtu anayetafuta mlango aliokuwa akiingilia.

"Ametulia," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mitungi imelala. Kioski imelala. Kila kitu kimelala naye." Mkono ukarudi ndani. "Hii ni picha," akasema. "Nyathina, huyu sasa ni picha. Kama ile wanaweka juu ya jeneza."

Mzee Shiundu alimkaribia kama alivyozoea, akamshika bega, akaondoa blanketi polepole, polepole. "Uko Mashimoni, mama," akasema. "Leo ni Jumapili. Mimi nimekushika."

Mama akageuka akamwangalia. Katika miaka yote ya kazi hiyo, watu waliitikia kwa kichwa tu.

"Najua mahali niko," akasema. "Okoth, nenda katafute yago."

Walisafiri wiki hiyo. Aliomba apewe picha ya kushoto, nikampa, zote mbili na ile filamu yake. Niliambiwa baadaye walizilaza kifuani mwa yago, ndani ya shati la Odhiambo na ile sweta ya maruni juu yake, wakafukia. Mdogo wake amejenga. Kila mtu aliniambia nilifanya vizuri, nimemsaidia mama kukubali. Labda. Mimi ninachojua ni kwamba alikuja kwangu akiwa na mtoto anayetetemeka, na akaondoka bila mtoto. Mzee Shiundu hakusukuma mkokoteni tena Mashimoni baada ya hapo. Alirudi kwa miwani yake Kawangware, na alipokufa, mimi nilipokea sanduku nikalifanyia kazi kidogo, picha za ndege na za simba, mpaka video zikaja zikatumaliza. Sikusikitika.

Sasa huyu Brayo wenu. Nilipomwonyesha picha niliyobaki nayo, ile ya kulia, nikamgusia Odhiambo, macho yalimwaka. "Shosh, usijali! Unatueleza tu alikuwa anakaaje, sura na mwendo, tunamtengeneza na kompyuta. Tunamrudisha hapo kwa kioski. Atembee, aongee, aimbe hata!" Brayo, wewe ni kijana mzuri na una mikono mizuri, najua utaweza. Hilo ndilo linaniogopesha. Mtaweza, na atatulia kabisa, na mtu fulani atamwangalia siku nzima.

Picha nimewaletea, hii hapa. Shikeni kwa kingo, msiweke vidole katikati. Ni kioski, ni mitungi, ni matope, ni mabati mpaka mbali. Pale kando ya mtungi wa njano kuna nafasi, upana wa kijana mmoja. Ifanyeni muwezavyo, mniwekee na sauti ya maji kama mnayo. Nitakuja, nitavua viatu, nitaingia. Lakini ile nafasi iacheni ilivyo, msimwongeze mtu. Na mkimaliza, mnitoe polepole, mmoja wenu anishike bega aniambie niko wapi.